'Pluck' na meza ya mapupu

Kuna neno la Kiingereza ambalo nina ugomvi nalo kwa miaka kadhaa sasa. Si neno kubwa. Hulikuti kwenye hotuba za marais wala kwenye sala. Ni 'pluck', pamoja na mtoto wake 'plucky', na kamusi nyingi zitakuambia haraka haraka kwamba maana yake ni ujasiri, ushupavu, moyo. Ukiishia hapo utadhani umelielewa. Mimi niliishia hapo.

Ilikuwa hivi. Baada ya masika moja mabaya jijini Dar es Salaam, gazeti moja la nje liliniomba makala kuhusu mafuriko. Nilikuwa nimemaliza chuo si muda mrefu, naandikia magazeti ya hapa kwa kulipwa kwa habari, yaani habari ikitoka unapata chochote, isipotoka umekula hasara ya nauli. Kulipwa kwa dola kwa makala moja lilikuwa jambo jingine kabisa. Nikaazima mabuti ya mvua ya kaka yangu, nikashuka bondeni.

Huko nikakutana na mama mmoja anayeuza mapupu. Kwa msomaji asiye wa Dar: mapupu ni mapafu ya ng'ombe yaliyochemshwa na kukatwa vipande vidogo. Unachoma kipande kwa kijiti, unachovya kwenye chumvi na pilipili, unakula umesimama. Mezani huwa kuna moyo pia, na bandama, na siku nzuri kuna ini. Usiku maji yalipoingia, mama yule alimfunga mtoto mmoja wa jirani mgongoni kwa kanga, akampakata mwingine, akapita kwenye maji ya kifuani mpaka barabarani. Akawaacha pale kwa watu. Kisha akarudi tena ndani ya yale maji kumtoa bibi mmoja mgonjwa aliyekuwa amepanga chumba cha nyuma.

Niliandika nilivyosimuliwa na yeye na majirani zake. Kiingereza changu kilikuwa cha shule, kimenyooka, hakina mapambo. Nilisema ni mama jasiri, 'brave', basi. Makala ilipotoka nikakuta mhariri amebadilisha. Sentensi ya kwanza kabisa ilimwita 'plucky'. Nilifurahi, nisidanganye. Niliona makala yangu imevalishwa suti.

Nikachapisha zile kurasa kwenye duka la steshenari, nikampelekea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea gazeti langu?"

Nikaanza kumsomea huku natafsiri papo kwa papo, wateja wawili wamesimama wanasikiliza. Sentensi ya kwanza tu, nikakwama.

"Wamesema wewe ni mama... jasiri."

"Mbona umesita? Ndivyo walivyoandika?"

"Ni neno lingine kidogo."

"Linasemaje hilo neno?"

Sasa usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimelitafuta lile neno kwenye kamusi ya Kiingereza, na chini ya maana ya kwanza nilikuta maana nyingine iliyoniacha mdomo wazi. Nikamwonyesha sinia lake. "Asili yake ni hivi hapa, mama. Moyo, ini na mapafu ya mnyama aliyechinjwa."

Akatazama sinia. Akanitazama mimi.

"Kwa hiyo wameniita mapupu."

Mteja mmoja alicheka mpaka akapaliwa na pilipili. Najua mnaweza kudhani nimepanga mambo ili muuza mapupu aitwe mapupu, lakini sikupanga. Ningekuwa na akili hiyo wakati ule ningeandika makala bora zaidi. Vijana wa kijiweni pale walimwita Mama Plaki kwa wiki kadhaa.

Hebu tuliangalie neno lenyewe, maana historia yake ni tamu. Kitenzi 'to pluck' ni kuchuma, kung'oa, kunyonyoa manyoya ya kuku. Mchinjaji akishachuna na kupasua, anatia mkono kifuani kwa mnyama na kuvuta kwa mkupuo mmoja: koromeo, mapafu, moyo na ini hutoka vikiwa vimeshikana. Fungu hilo ndilo Waingereza waliloliita 'pluck' tangu karne ya 17, kwa sababu ni kitu kinachong'olewa. Waskoti mpaka leo wanalipika, la kondoo, pamoja na oti na vitunguu, ndiyo haggis. (Marekani ilipiga marufuku kuuza mapafu ya mifugo kama chakula cha binadamu mwaka 1971, kwa hiyo haggis ya asili haiingii kule. Nilipomwambia mama habari hii aliuliza, kwa mshangao wa kweli, sasa wanayatupa?)

Kutoka buchani neno likahamia ulingoni. Mwishoni mwa karne ya 18 mashabiki wa ndondi Uingereza walisema mpiganaji fulani ana 'pluck', yaani anapigwa na bado anasimama. Francis Grose aliliingiza kwenye kamusi yake ya lugha ya mitaani mwaka 1785. Lilikuwa neno la wahuni. Walter Scott, yule mwandishi mkubwa wa riwaya, alilitumia katika shajara yake mwaka 1827, lakini hapo hapo akalisema kwamba ni la kihuni, kama mtu anayeshika kitu kichafu kwa ncha za vidole. Baadaye likaogeshwa, likavaa viatu, likaingia kwenye hadithi za wavulana wa shule. Marekani, Horatio Alger aliandika riwaya nyingi za vijana maskini wanaopanda ngazi kwa juhudi na bahati, na mojawapo, ya mwaka 1869, inaitwa 'Luck and Pluck'. Bahati na hilo fungu la buchani.

Si ajabu watu kuuweka ujasiri ndani ya mwili wa nyama. 'Courage' yenyewe imetoka kwenye neno la Kilatini la moyo. Kwetu ni hivyo hivyo: tunapiga moyo konde, tunapeana moyo, tunavunjika moyo. Mwoga wa Kiingereza cha zamani ana ini jeupe. Kwetu ini ndipo maneno makali yanapofika, ndiyo maana tunasema yamenikata maini. Tunapoachana kabisa ni kwenye utumbo. Mwingereza akikuambia una utumbo, 'guts', amekusifu. Mswahili akikuambia unaongea utumbo, nyamaza ujitafakari.

Lakini maana ya neno haimo kwenye asili yake tu. Inabidi uangalie linapewa nani. Nilipoanza kulifuatilia lile 'plucky' kwenye magazeti ya Kiingereza, nikaona linazunguka kwa watu wale wale. Mtoto mgonjwa. Ajuza aliyempiga mwizi kwa mkoba. Timu ya daraja la chini iliyofungwa mbili moja na klabu tajiri. Kisiwa kidogo. Mbwa mwenye miguu mitatu. Ni nadra sana kukuta jenerali akiitwa hivyo, au rais wa nchi kubwa, au tajiri aliyehatarisha mali yake. Wale wana maneno yao. Ukitaka kuitwa 'plucky' lazima kwanza uwe mdogo, na lazima anayekuita awe mkubwa kidogo kuliko wewe, ameketi mahali pakavu.

Nikayalinganisha na maneno yetu. Kuthubutu ni kuwa na moyo wa kufanya jambo la hatari, lakini mtu akikuambia "Thubutu!" hakusifu, anakutisha. Shupavu ni jasiri, na pia ni yule mtoto mbishi asiyesikia la mkubwa. Jasiri naye ukimsikia anavyotajwa na wazee, nusu ni sifa, nusu ni malalamiko: "Huyu mtoto jasiri sana," na tayari wanatafuta fimbo. Maneno yetu mengi ya ujasiri yana ncha mbili kwa sababu yanakumbuka kwamba mtu asiyeogopa anaweza kukugeukia wewe unayemsifu. 'Pluck' haina hiyo ncha ya pili. Ni ujasiri usiomtisha anayeusifu. Umeshang'olewa kifuani, uko kwenye sinia.

Mfano mkubwa kuliko wote ni wa nchi nzima. Agosti 1914 Ujerumani iliivamia Ubelgiji ili ipate njia ya kuingia Ufaransa. Wabelgiji walikataa kuwapisha, wakapigana, na huko Uingereza ukazuka msemo wa 'plucky little Belgium', kainchi kadogo kenye moyo. Na kwa kweli walipigana, na raia wao waliteseka sana. Silifanyii mzaha hilo. Lakini kainchi kadogo wakati huo kalikuwa kanatawala Kongo, nchi inayokazidi kwa ukubwa zaidi ya mara 70. Mpaka mwaka 1908 Kongo ilikuwa mali binafsi ya mfalme Leopold II, na habari za mpira na mikono iliyokatwa zilikuwa zimejaa kwenye magazeti ya Uingereza yenyewe. Miaka 6 tu baadaye neno moja dogo likaifuta picha ile na kuchora nyingine. Huwezi kuwa mdogo mwenye moyo na wakati huo huo ukawa bwana mkubwa mwenye kiboko. Neno halina nafasi ya vyote viwili.

Na vita vile vikaja mpaka kwetu. Septemba 1916 jeshi la Kongo, askari Waafrika chini ya maofisa wa Kibelgiji, liliichukua Tabora kutoka kwa Wajerumani. Nyuma yao, kama nyuma ya majeshi yote ya vita ile huku Afrika Mashariki, walitembea wapagazi wenye mizigo kichwani, wakifa kwa homa, kuhara na njaa kuliko kwa risasi. Kariakoo tunayokwenda kununua vitenge imebeba jina la kikosi cha wapagazi wa upande wa Waingereza. Hao sijawahi kuona mahali wanaitwa 'plucky'. Labda kwa sababu ukianza kumsifu mpagazi, swali linalofuata linakuja lenyewe: nani alimtwisha?

Nikarudi nyumbani kwa mfano unaoniuma zaidi, kwa sababu nimekua nikiupenda. Tarehe 20 Oktoba 1968, marathoni ya Olimpiki, Mexico City. John Stephen Akhwari wetu alianguka njiani akaumia goti. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, mguu umefungwa bandeji, giza limeshaingia, watazamaji wengi wameshaondoka. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Wengine 18 waliacha njiani. Jibu lake la baadaye, kwamba nchi yake ilimtuma amalize na si aanze tu, limezunguka dunia mara nyingi kuliko habari yoyote ya riadha ya Tanzania. Linabandikwa ukutani kwenye maofisi ya watu ambao hawawezi kuionyesha Tanzania kwenye ramani.

Na ile ya 1970 nani anaikumbuka? Miaka 2 tu baada ya Mexico, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, Akhwari alimaliza marathoni akiwa wa 5, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Ni haraka kwa dakika 5 kuliko muda uliompa Wolde dhahabu, ingawa ni kweli Mexico City iko juu sana na hewa yake ni nyembamba. Yaani alikuwa mkimbiaji wa hali ya juu kabisa. Siku ile ya Mexico aliyeumia alikuwa mtu aliyekwenda kushindana, si mtu aliyekwenda kutia huruma. Dunia imemtunza kama mshindwa mwenye moyo, na mkimbiaji imemwacha. Nimeuliza wenzangu watano chumba cha habari, wawili kati yao ni wa dawati la michezo. Wote walijua bandeji. Hakuna aliyejua Edinburgh.

Msije mkadhani nasema Kiingereza ndicho chenye dhambi. Sisi waandishi wa Kiswahili tuna stoo yetu. 'Mwanamke wa shoka' nimeandika mara ngapi? 'Mama shujaa alea watoto sita kwa kuuza vitumbua' ni kichwa cha habari ambacho ninaweza kukiandika nikiwa usingizini. Na tuna methali ile inayosema kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana, kwamba muungwana hapigi kelele hata kisu kikiwa shingoni. Nilipokuwa mdogo niliiona methali nzuri. Sasa nikiisikia najiuliza nani aliyeitunga, kondoo au mchinjaji. Kwenye mazishi ya baba, wajomba waliwaambia kaka zangu wajikaze kiume. Mimi nilipewa kanga ya kufutia machozi. Hakuna aliyefikiri kwamba nahitaji neno.

Lakini kuna upande mwingine, na lazima niutendee haki, maana kuna wakati nilifika mahali pa kusema sifa zote za ujasiri ni ulaghai. Si kweli. Mama alirudi kwenye maji. Hilo lilitokea.

Aristotle, katika kitabu cha tatu cha maadili yake yanayojulikana kwa jina la Nikomako, anawachambua watu wanaofanana na jasiri lakini si jasiri. Miongoni mwao ni askari wanaopigana kwa sababu nyuma yao amesimama mkubwa wao na fimbo. Hao, anasema, hawakimbii kwa sababu wanaogopa kingine zaidi. Niliposoma hayo chuoni niliona ni ubishi wa wazee wasio na kazi. Bondeni nikaona maana yake. Kila mtu usiku ule alipita kwenye maji. Ungefanyaje? Ungebaki kitandani?

Siku moja nikamuuliza mama, kiwandishi wandishi, kama aliogopa. Nilitegemea jibu moja kati ya mawili, ndiyo au hapana, maana ndivyo vitabu vya uandishi vinavyotufundisha kuuliza vibaya. Akafikiri huku anakata.

"Ile ya watoto sikuogopa. Nitaogopea wapi? Nilikuwa natoka tu, na wao nimewashika. Ile ya bibi ndiyo niliogopa. Pale barabarani nilikuwa nimeshapona, unanielewa? Nimeshapona. Miguu ikaanza kutetemeka nilipojua kwamba naweza nisiende."

Sijui kama kuna mahali nimeona jambo hili limesemwa vizuri zaidi. Hofu yake ilianza pale uhuru wake ulipoanza. Ndani ya maji na watoto hakuwa na la kuchagua, na kumsifu kwa hilo ni kama kumsifu mtu kwa kuanguka chini alipojikwaa. Pale barabarani, mahali pakavu, watu wamemzunguka na kanga wanamfunika, hakuna ambaye angemlaumu kwa kukaa. Bibi yule hakuwa ndugu yake. Hawakuwa hata wakisalimiana vizuri, kisa maji ya bombani. Alisimama akaenda.

Na makala yangu? Makala iliweka mkazo kwenye watoto. Picha nzuri, kanga mgongoni. Ya bibi ilikuwa sentensi moja.

Kuna kitu kingine kilichokuwa kwenye rasimu yangu na hakikutoka, nacho ni mtaro. Mama aliutaja mtaro kuliko alivyotaja mtoto, bibi, au nafsi yake. Miaka miwili kabla ya masika ile, mtu mmoja mwenye uwezo wake alijenga ukuta wa ghala juu ya mtaro wa maji ya mvua wa pale mtaani. Maji yaliyokuwa yakielekea mtoni yakawa yanagonga ukuta na kurudi kwenye nyumba za watu. Wenye nyumba na wapangaji waliandika barua. Walikwenda ofisini, wakaambiwa njooni Jumatatu. Walikwenda Jumatatu nyingi. Mama alinishika mkono, akanipeleka kwa miguu mpaka kwenye ule ukuta, mabuti ya kaka yangu yamejaa tope, akanionyesha alama ya maji ilipofika, akaniambia: "Andika hapa."

Niliandika, aya nzima. Mhariri akanijibu kwa upole kabisa kwamba aya ile inapunguza mwendo wa simulizi, kwamba mwenye ghala angepaswa kutafutwa atoe maelezo yake na muda hakuna, na kwamba habari yetu ni mama mwenyewe. Yote matatu yana ukweli ndani yake, na ndiyo ubaya wake. Ningeweza kumwomba siku mbili. Ningeweza kumpigia simu mwenye ghala. Namba yake ilikuwa imeandikwa kwenye geti. Ningeweza kusema basi itoeni makala yote. Nilijibu kwa maneno mawili, sawa kabisa, na mwisho wa mwezi dola zikaingia.

Nilikuwa nimekaa mahali pakavu. Hakuna aliyenitishia. Hakukuwa na maji ya kifuani wala fimbo nyuma yangu, kulikuwa na barua pepe moja ambayo ningeweza kuiandika na sikuiandika, kwa sababu nilitaka wanipe kazi nyingine. Nimeyatafakari maneno ya mama kuhusu miguu kutetemeka, na kinachonisumbua ni kwamba yangu haikutetemeka hata kidogo. Haikufika hata kwenye hofu. Nilikubali kirahisi kama mtu anayekubali kuongezewa chai.

Nadhani neno 'plucky' lilinisaidia kukubali. Msomaji wa kule mbali alipomaliza kusoma alijisikia vizuri kuhusu binadamu. Kama tungeweka mtaro, angejisikia vibaya kuhusu ukuta, na ukuta una mwenyewe, na ofisi ina watu. Moyo wa mama ulijaza nafasi yote iliyokuwa ya kuuliza kwa nini mama wa miaka hamsini na kitu alazimike kuogelea usiku kumtoa mpangaji mwenzake. Yule mhariri hakuwa mtu mbaya. Aliniandikia baadaye kunishukuru kwa kazi niliyoifanya katika mazingira magumu, na mimi naye akaniita lile neno lile lile. Nilikaa na barua ile siku nzima. Nilijua nimeshapimwa urefu.

Nimejaribu kulitafutia tafsiri kwa ajili ya makala hii. Ushupavu hapana, una ubishi ndani yake. Ushujaa ni mkubwa mno, unadai sanamu. 'Kujikaza' linakaribia, hasa vijana wanavyosema jikaze kisabuni, kuna kamzaha na kahuruma kwa pamoja. Lakini kujikaza ni jambo unalolifanya mwenyewe, ndani, umebana meno. 'Pluck' ni jambo unaloonwa nalo. Nimeliacha kama lilivyo, na herufi zake za Kiingereza, likae hapa kama mgeni ambaye hajavua viatu.

Mwezi uliopita nilishuka tena bondeni. Meza ipo, imehamia ng'ambo ya barabara kwenye kivuli cha mwarobaini. Yule bibi alishafariki, kwa ugonjwa wake, kitandani, mjukuu wake akiwa naye. Ukuta upo na umepakwa rangi mpya. Watu wa mtaa wamechimba mfereji wao wenyewe pembeni kwa majembe na kuchangishana, hautoshi, lakini masika iliyopita maji yaliishia magotini.

Nikamwambia mama kwamba naandika tena, safari hii kwa Kiswahili, kwa watu wanaopenda mambo ya vitabu, kuhusu lile neno.

"Mapupu?"

"Hilo hilo."

Akacheka. Akanikatia moyo, vipande viwili, akasogeza kopo la pilipili.

"Na mtaro umeuweka?"

"Nimeuweka, mama."

"Mwanzo au mwisho?"

Nikamwambia uko karibu na mwisho. Akaendelea kukata kimya kwa muda.

"Ungeuweka mwanzo," akasema. "Watu hawamalizi kusoma."